Mama Mkwe na Mahindi ya Kuchoma Kwenye Sinema

Vijana, mkisikia kwamba nilikuwa mwalimu wa sinema, msinifikirie nimevaa miwani ya jua. Nilivaa gamboti. Kazi yangu, katika chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya mji wa Kisii, ilikuwa kuwafundisha walimu wa kesho namna ya kutumia filamu darasani, na sehemu kubwa ya somo hilo ilikuwa kusukuma gari lililokwama matopeni huku mwenzako amepakata projekta kama mtoto mchanga. Nchi ilikuwa bado changa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nina shahada, tai moja, na imani kwamba picha zinazocheza zitamaliza ujinga wote kuanzia Tabaka mpaka Ikonge.

Kamera yetu ilikuja na kitabu cha maelezo kilichoandikwa ng'ambo. Kitabu kilisema kuwa msimu bora wa kupiga picha ni ule ambao majani hubadilika rangi na kuanguka, hewa imetulia, jua limeinama. Kikataja na miezi: Septemba, Oktoba, Novemba. Nilikiamini kitabu kile kuliko nilivyoamini macho yangu. Kila muhula wa tatu nilipanda milima ya Gesima na kamera, nikakaa kando ya mashamba ya chai nikingoja majani yabadilike rangi. Hayakubadilika. Yalichumwa, yakachipua, yakachumwa tena. Kuhusu hewa iliyotulia, alasiri kulikuwa na radi.

"Unatafuta nini hapa kila siku, mwalimu?" mzee mmoja aliniuliza.

"Nangoja majani yaanguke, mzee."

Alinitazama kwa huruma, kisha akalitazama shamba lake kwa hofu. "Kwani serikali imesema chai yetu ina ugonjwa?"

Nisiwafiche, nilichanganyikiwa mapema katika kazi hii na sikuwahi kupona kabisa.

Aliyenisaidia kusimama ni Otieno, fundi wetu wa projekta, mtu wa Kisumu, mkubwa kwangu kwa umri na kwa sauti. Kwa kuwa hakujua Kigusii nami sikujua Kijaluo, tulisemezana kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa na amri nyingi. Siku ya kwanza aliniona nikipitisha filamu kwenye projekta nikaivuta ikanyooka vizuri, nikajipongeza. Akanipiga kofi mkononi.

"Unaikaza kama kamba ya ng'ombe! Iache ipumue. Weka kitanzi hapa juu, weka kingine hapa chini. Filamu bila kitanzi inakatika, na ikikatika watu watakutukana wewe, hawatanitukana mimi. Mimi nitasema ni mwanafunzi."

Ninyi wenye kamera za video zinazoenea kiganjani hamhitaji vitanzi, lakini ushauri wenyewe uwekeni. Tena hamhitaji kujua jinsi ya kuzuia ukungu. Mvua ya kwetu huingia hata ndani ya kopo lililofungwa, na ukungu hupenda filamu kuliko mkate. Nilijaribu kuweka makaa ndani ya makopo ili yanyonye unyevu. Yaliunyonya, halafu vumbi lake likaikwaruza filamu ya kilimo hata ikaonekana imepigwa chini ya mvua ya mawe. Baadaye nikatumia majani makavu ya chai kwenye mfuko wa kitambaa. Hayo yalifaa. Ila filamu zangu zote zilinukia chai, na mkaguzi mmoja wa shule alimaliza somo zima la usafi wa visima akiuliza chai italetwa saa ngapi.

Lakini jambo gumu kuliko ukungu lilikuwa viti.

Lazima niwaeleze, maana wengine wenu mmezaliwa mjini. Kwetu Gusii kuna haya inayowatenga watu wa kizazi kimoja na wa kizazi kinachokifuata: baba na mwanawe mkubwa, mkwe na mama mkwe, mzee na mke wa mwanawe. Tunaiita chinsoni. Si ugomvi wala chuki, ni heshima. Mama mkwe hupeani naye mkono. Humwangalii usoni. Huketi naye benchi moja, naye hali chakula mbele yako. Basi chukua watu wa namna hiyo, wafungie kwenye darasa ambalo madirisha yake yamezibwa kwa mablanketi ya bweni, zima taa, waambie wajipange wenyewe.

Ikonge nilifanya hivyo. Katikati ya onyesho blanketi moja lilianguka, mwanga wa mchana ukaingia, na mzee mmoja akajikuta amekaa bega kwa bega na mke wa mwanawe. Walikuwa wamecheka pamoja. Walikuwa hata wamegongana viwiko katika kucheka. Mzee alitoka bila kofia yake. Mama yule alijifunika uso kwa leso na hakuufunua tena. Benchi lenyewe lilizua mjadala wa wiki nzima, maana wengine walitaka lichomwe na mwalimu mkuu alikuwa na mabenchi machache.

Tangu siku hiyo nilisimama mlangoni nikipanga watu: akina mama kushoto, wazee kulia, vijana nyuma. Na kabla ya kuwasha taa ili kubadili gurudumu la filamu, nilipaza sauti: "Nawasha taa! Kila mtu ajiangalie!" Nilijiona bingwa. Nilidhani nimekwisha kuelewa namna ya kuishi na chinsoni na sinema pamoja.

Wakati huo nilikuwa naposa. Mchumba wangu, Kemunto, alikuwa mwalimu wa darasa la pili Gesima. Baba yake alikwisha fariki, na mambo ya nyumba ile yalishikwa na mama yake pamoja na baba zake wadogo. Mshenga wetu alikuwa Mzee Ontiri, mtu mpole anayefikiri huku akikuna shingo. Mazungumzo yalikwenda vizuri, kukabaki siku moja tu ya wazee wa pande mbili kukaa na kukubaliana. Mimi nilikwenda pale mara kadhaa na nikajiheshimu: macho chini. Mama yake Kemunto nilimjua kwa gamboti zake na upindo wa gauni lake. Sura sikuijua. Ningekutana naye Kisii mjini amevaa viatu vingine, ningempita.

Ndipo chuo kikaamua tutengeneze filamu yetu wenyewe, ya kuwafundisha wakulima wachanga namna ya kuchuma chai: majani mawili na chipukizi. Gesima ilikuwa na wachumaji bora, na bora kuliko wote, kila mtu alisema, alikuwa mama yake Kemunto.

Niliongoza filamu ile nimeipa mgongo. Nawaambia kweli. Nilisimama barabarani chini, kwenye kituo cha kununulia chai, mwavuli mkononi, nikitazama ng'ambo ya bonde, huku wanafunzi wangu wakiwa shambani juu na kamera. Nyaboke, mwanafunzi niliyempa kamera kwa sababu mikono yake haikutetemeka, alishuka kila mara kuniuliza.

"Mwalimu, tupige nini sasa?"

"Mikono. Nataka mikono tu."

"Tumepiga mikono mpaka imechoka."

"Ipi imechoka, mikono yao au yako?"

"Yote, mwalimu. Hata chai imechoka. Kwa nini usipande uone mwenyewe?"

"Siwezi."

"Ni matope?"

"Ni matope," nikasema, nikiwa nimesimama katikati ya matope.

Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa, ikakaa huko hata nikaisahau, kisha ikarudi. Mimi na Otieno tukajifungia stoo kuikata na kuiunganisha. Kazi hiyo ilifanywa kwa kioo kidogo chenye taa: unaivuta filamu polepole kwa mkono na kutazama picha moja moja. Mikono ilipita, mikono, mikono, kikapu, mikono. Halafu ghafla, mwanamke mzima. Ameketi ukingoni mwa shamba, amefunga kitambaa kipya cha kichwa, ameshika hindi la kuchoma. Anatazama kamera moja kwa moja, anacheka, anang'ata. Anatafuna bila haraka, punje moja imebaki mdomoni, anaifuta kwa kidole, anang'ata tena, mpaka linabaki gunzi.

Nilisimamisha filamu. Vitabu vyangu vya chuo kikuu vilisifu sana picha ya uso wa karibu, na mimi sikuwahi kuona nzuri kama ile.

"Otieno, njoo uone mtu anavyokula!"

Otieno akaja. Tukairudisha, tukaitazama tena. Nikamwita karani naye aone. Nilianza hata kueleza jinsi mwanga unavyogusa shavu.

"Huyu ni nani?" Otieno akauliza.

"Sijui. Mama mmoja tu wa Gesima. Lakini tazama hayo meno!"

Nyaboke akaingia na makopo, akainama kwenye kioo. "Eh, ametoka vizuri. Mwalimu, huyu si ndiye mama yake Kemunto?"

Karani alitoka stoo bila kuaga. Otieno alikaa juu ya kopo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hata kwetu sisi, hii ni faini ya mbuzi."

Sasa eleweni shida yangu. Onyesho la kwanza lilikuwa limepangwa Gesima, Jumapili alasiri, na wazee wa pande zote mbili wangekuwepo, kabla ya siku yao ya makubaliano. Nikimwacha mama yule kwenye filamu, kila mtu atajua kwamba nimemkodolea macho akila, maana nani mwingine anakata filamu chuoni? Nikimwondoa, nitakuwa nimemtupa mchumaji bora wa Gesima kwenye ndoo ya takataka. Kwa njia zote mbili ningeweza kumkosa Kemunto. Na juu ya hayo sikujua hata kama kosa lipo. Je, kumwona mtu kwenye kioo ni kumwona? Niliwauliza watu wenye akili.

Mchungaji alisema sinema yenyewe ina mashaka mbele ya Mungu, kwa hiyo swali langu lilikuwa halijafikiwa.

Kemunto alisema, "Ukimkata hatakusamehe. Amewaambia akina mama wote wa kanisani. Kile kitambaa ulichokiona ameazima."

"Na nikimwacha?"

"Baba wadogo watauliza ulimtazama kwa muda gani."

"Basi nifanye nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili."

Mzee Ontiri alikuna shingo kwa muda mrefu. "Kivuli cha mtu si mtu," akasema, nami nikaanza kupumua. "Lakini huyo wako, anafungua mdomo?"

"Anafungua, mzee."

"Sana?"

"Hindi ni kubwa."

"Basi hapo sijui," akasema Mzee Ontiri, na akakubali soda.

Nikafanya kile ambacho mtu msomi hufanya anapochanganyikiwa: nikatafuta njia ya katikati. Nilikata filamu pale hindi linapokaribia mdomo, nikaitoa sehemu yote ya kutafuna, nikaunganisha na pale gunzi lilipobaki mkononi. Mama yumo, kitambaa kimo, tabasamu limo. Ulaji haumo. Nilikwangua ncha, nikapaka gundi, nikabana, nikapuliza. Nilienda kulala nikijiona mwerevu kama Suleimani.

Sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye somo, na ninyi mnaokata video kwa kubonyeza vitufe mtalihitaji. Kukata picha si kuiondoa. Mtazamaji hujaza pengo mwenyewe, na hujaza kwa kitu kikubwa kuliko ulichokitoa wewe.

Jumapili ilifika. Ukumbi wa shule ulijaa. Akina mama kushoto, mama yake Kemunto mbele kabisa, wazee kulia. Mimi, kwa ajili ya chinsoni, sikuweza kuwa ndani, kwa hiyo nilimwachia Otieno projekta na Nyaboke maikrofoni, kwani filamu yetu haikuwa na sauti, na nikasimama nje chini ya upenu, karibu na jenereta. Mvua ilinyesha juu ya mabati kama kwamba imekodiwa. Sikuona chochote. Yote niwaambiayo sasa niliyapata kwa Kemunto, kwa Nyaboke na kwa Otieno, na hawa watatu hawajawahi kukubaliana.

Nilichosikia mwenyewe ni hiki. Sauti ya Nyaboke ikieleza majani mawili na chipukizi. Kisha vigelegele, nikajua mama ametokea. Kisha kicheko ambacho sijapata kusikia tena katika kazi yangu yote, kicheko cha kupiga miguu sakafuni.

Kemunto akatoka, leso mdomoni. Sikujua kama analia au anacheka.

"Umefanya nini?" akasema.

"Nimetoa ulaji."

"Umetoa kutafuna! Mama ameinua hindi zima, na kufumba na kufumbua ni gunzi! Watu wanasema amelimeza!"

Nikauliza, "Baba wadogo?"

"Mmoja amesimama. Anasema ni dharau, umemfanya mama fisi mbele ya kanisa."

"Na mama?"

"Mama naye amesimama. Anamwambia fundi wako kwamba yeye hali hivyo, alikula polepole, kwa hiyo aonyeshe tena, na safari hii aonyeshe polepole."

Nilitaka kuingia, nikakumbuka siwezi. Nilitaka kumpigia Otieno kelele, mvua ikanishinda. Yeye ndani, bila shauri la mtu, alifanya lililo jepesi kwake. Ili kuonyesha tena, ilimpasa kuzima taa ya projekta, kuirudisha filamu nyuma, na kuanza upya. Hakuzima. Alibadili mwendo wa injini tu, taa ikiwaka, filamu ikaanza kurudi kinyumenyume ukutani, mbele ya Gesima nzima.

Kwa jinsi Kemunto alivyonieleza, watu waliona mama ameshika gunzi tupu na kutabasamu. Kisha, papo hapo, gunzi likajaa punje, zote, za kuchomwa. Kisha mama akalishusha hindi zima toka karibu na mdomo, akaliweka chini, akarudi kinyume shambani, na mikono yake ikaanza kurudisha majani ya chai kwenye matawi, moja moja, kwa ustadi.

Ukumbi ulinyamaza. Nyaboke anasema kimya kile kilikuwa kirefu, Otieno anasema hakikuwepo.

Ndipo Mzee Ontiri akainuka, bila kukuna shingo.

"Mmeona wote," akasema. "Hindi ni zima. Mama huyu hajala kitu."

"Lakini alikula!" baba mdogo akajibu. "Tumemwona!"

"Umemwona akila?"

"Nimeona gunzi."

"Na sasa umeona nini?"

"Nimeona... nimeona hindi."

"Kama hajala, mkwe angemwona vipi akila?"

Wazee walianza kubishana papo hapo: kama lililorudishwa limefutika, au limefanyika mara mbili. Mmoja alisema basi na chai pia haikuchumwa, kwa hiyo nani atalipwa. Mwingine alitaka fundi arudishe tena ili wahakikishe. Nasikia walirudia mara kadhaa, mbele na nyuma, hindi likiliwa na kurudi, mpaka jenereta ikaishiwa petroli na watu wakajikuta gizani wakiendelea kubishana. Hakuna aliyenifikiria. Nilikuwa nimelowa mpaka soksi.

Mwishowe walikubaliana jambo moja tu: kwamba wao hawajui, na kwamba aamue mwenye hindi.

Siku zilipita. Nilifundisha kama mtu aliyelala. Niliwaambia wanafunzi waweke vitanzi, nikasahau kuviweka. Kisha Kemunto akaja chuoni, akasimama mlangoni pa stoo, mkoba kifuani.

"Mama amenituma swali," akasema. "Anataka nilete jibu lako kama lilivyo, bila kuongeza."

"Uliza."

"Anauliza: kwenye ile picha, alionekanaje?"

Otieno aliacha kusafisha lenzi. Mimi nilikaa. Nikisema alipendeza, nimekiri kwamba niliutazama uso wake. Nikisema sikumwona, nimemdanganya mama wa nyumba ninayotaka kuingia, naye anajua nani alishika mkasi. Nikinyamaza, nimemdharau. Nilifikiria kila kitabu nilichosoma. Kulikuwa na sura kuhusu vita na sura kuhusu mapenzi. Kuhusu swali lile hakukuwa hata na mstari.

"Mwambie," nikasema, "mwanga ulikuwa mzuri sana siku ile."

Kemunto alinitazama. "Basi?"

"Basi."

Alikwenda. Nilimwuliza Otieno kama nimejibu vizuri au vibaya, akasema hajui, na kwamba tangu aje kwetu ameacha kujua mambo mengi.

Kesho yake jioni Kemunto alirudi, amelowa, anahema kwa kupanda mlima.

"Nimemwambia kama ulivyosema."

"Akasemaje?"

"Amecheka mpaka akaketi chini. Halafu akasema uje Jumapili na wazee wako." Akafuta uso. "Na kamera ibaki kwa Otieno."